Siku Zisizo na Kengele: Kisa cha Mwalimu Aliyetikisika Ubongo

Mwanamke huyu nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo anavyoitwa mtaani kwao hapa Nakuru, na ndivyo alivyoendelea kuitwa hata miezi ambayo hakuweza kusimama mbele ya ubao. Amenipa ruhusa niandike. Aliomba nisitaje jina lake, mtaa wala shule, nami nimeheshimu hilo. Kazi yangu ni kuwasaidia watu waliougua au kuumia warudie shughuli zao: kuoga, kupika, kutembea, kutafuta riziki. Kisa chake nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu kilinifanya niliogope neno moja tunalolitamka kila siku tukiwa na wagonjwa, "kazi nyepesi", na kwa sababu katikati yake kuna kosa ambalo ni langu.

Ajali na wiki zilizofuata

Mwalimu ana miaka 38. Alikuwa akifundisha hisabati katika shule ya upili, ameajiriwa na bodi ya shule, si na Tume ya Huduma za Walimu. Mumewe ni fundi wa magari. Wana watoto wawili.

Ilikuwa Januari, wiki ya pili ya muhula wa kwanza. Alikuwa amechelewa, akapanda boda. Helmeti ya abiria ilikuwepo, imening'inizwa kwenye usukani. Pikipiki ilipanda tuta bila kupunguza mwendo, akarushwa nyuma na kisogo kikapiga lami. Walioshuhudia walisema hakuzimia. Yeye anakumbuka tuta, kisha anakumbuka ameketi kando ya barabara, viatu vimejaa vumbi, akimwuliza mwendeshaji leo ni siku gani. Aliuliza mara nne. Kila mara alijibiwa Jumanne, na kila mara jibu lilikuwa jipya kwake.

Hospitalini walimpima kwa kipimo cha Glasgow, kile kilichobuniwa 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, kinachoangalia jinsi mtu anavyofungua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Alama za juu kabisa ni 15, na mtikisiko wa ubongo kwa kawaida huwa kati ya 13 na 15. Mwalimu alipata 15. Skani ya kichwa haikuonyesha damu wala ufa. Akaambiwa yuko sawa, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo mateso yalipoanzia, maana neno "sawa" lilimfuata kila mahali. Skani huona damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Kilichompata yeye haikioni. Ubongo ukitikiswa, nyuzi za seli zake huvutwa, na madini yaliyopaswa kukaa ndani ya seli hutoka na ya nje huingia. Seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha kila kitu mahali pake, na hayo hutokea wakati ambapo damu inayoleta sukari imepungua. Matumizi yamepanda, mapato yameshuka. Watu wazima wengi hupona katika wiki au miezi michache ya kwanza. Wachache, kama Mwalimu, dalili hukataa kuondoka.

Siku mbili za kwanza mama mkwe alikuja kutoka Njoro, akakesha naye akimzuia asilale, kwa kuwa amesikia tangu utotoni kwamba aliyeumia kichwa akilala haamki. Ulikuwa upendo mtupu, na ulimnyima mgonjwa dawa kubwa kuliko zote. Aliyetikisika ubongo na kupimwa na daktari aachwe alale. Kinachotakiwa ni mtu wa karibu wa kumwangalia, na kumkimbiza hospitalini akitapika tena na tena, maumivu yakizidi badala ya kupungua, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, maneno yakivurugika, mkono au mguu ukilegea, au akishindwa kuamka.

Baada ya hapo wakaenda upande wa pili kabisa. Blanketi lilitundikwa dirishani, redio ikazimwa, watoto wakahamishiwa kwa shangazi yao, na Mwalimu akafungiwa kwenye giza wiki tatu. Ushauri wa namna hiyo ulitolewa na waganga wengi zamani, na wapo wanaoutoa hadi leo. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni walikutana Amsterdam mwaka 2022, na tamko lao lililotoka 2023 linasema mtu apumzike kwa kiasi saa 24 hadi 48, kisha aanze kutembea na kufanya shughuli ndogondogo, akiongeza kidogokidogo bila kuziacha dalili zifoke. Giza la wiki tatu lilimpokonya usingizi wa usiku na nguvu za miguu, na likamwachia muda mwingi wa kusikiliza kichwa chake.

Mwenye duka la dawa alisikia "kichwa na kutapika" akampa dawa za malaria na taifodi. Alipofika kwangu mwezi Machi, alikuwa amemeza vidonge vya maumivu karibu kila siku kwa wiki saba. Dawa hizo zikizidi nusu ya siku za mwezi, miezi ikipita, zenyewe huweza kuanza kulisha maumivu ya kichwa. Kwa msaada wa daktari alizipunguza, na majuma mawili ya kwanza yalikuwa mabaya sana.

Shule, kufikia wiki ya nne, ilikuwa imeshampata mwalimu mwingine. Mkataba wake haukuwa na neno lolote kuhusu ugonjwa.

Wageni walimjia na methali. Walimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku moja alinieleza kwa uchungu: "Koleo langu halijavunjika, daktari. Hilo ndilo tatizo. Lingevunjika ningelionyesha."

Nilimwuliza ni kitu gani kinachomwumiza zaidi. Nilitegemea ataje kichwa, kizunguzungu, au mwanga wa mchana. Akafikiri kitambo kirefu, kama ilivyokuwa kawaida yake siku zile, kisha akasema: "Siku zangu hazina kengele."

Miaka 14 maisha yake yalikatwa vipande vya dakika 40 na kengele. Sasa asubuhi ilianza na haikuisha. Ndipo aliponiomba nimsaidie kutafuta kitu cha kufanya, hata bila malipo, ilimradi kuna mtu kitamfaa.

Jumamosi mbili

Mahali pa kwanza alipachagua mwenyewe. Kanisani kwao watoto hukusanyika Jumamosi kusaidiwa kazi za shule. Wanahitaji mtu wa hisabati. Nani angekataa?

Ukumbi una paa la mabati bila dari. Watoto walikuwa 20 na zaidi, wa madarasa matano tofauti, kila mmoja na swali lake. Jumamosi ya kwanza alivumilia saa mbili, akarudi nyumbani akilia kwa furaha na maumivu pamoja, akalala hadi Jumatatu. Jumamosi ya pili mtoto mmoja alimletea sehemu za kawaida, thuluthi moja jumlisha robo, jambo ambalo Mwalimu angelifanya usingizini. Alizitazama zile tarakimu na zikakataa kukaa pamoja. Mtoto alisubiri. Nyuma yake wengine wanne walisubiri. Akamwambia mtoto amsamehe, akatoka nje, akatapika kando ya ua.

Ukimtazama kwa mbali, utasema alijitwisha mzigo aliouzoea. Lakini mzigo ule haukuwa hisabati peke yake. Kulikuwa na mwangwi wa mabati, sauti kumi kwa mpigo, kusimama, kuinama juu ya madaftari kwa shingo ambayo nayo iliumia siku ile ile ya ajali, na kuruka kutoka swali hadi swali bila kupumua. Ubongo mzima huchuja kelele bila mwenyewe kujua. Ubongo uliotikisika hulipia kila sauti. Na juu ya hayo yote, watoto walikuwa wakimngoja. Hakuwa na namna ya kusimama bila kumwacha mtu na daftari wazi mkononi.

Kosa langu

Baada ya hapo nilimshauri atafute kazi nyepesi, ya kukaa, ya nyumbani. Wakati huo majirani walikuwa wanachangia bili ya hospitali ya mtoto wa mtaani kwao, na walihitaji mtu mwaminifu wa kuweka hesabu ya michango. Nilimtia moyo akubali. Nilisema kabisa: hiyo ni daftari na kalamu tu.

Haikuwa daftari na kalamu. Ilikuwa simu. Michango iliingia kwa M-Pesa saa zote, ujumbe juu ya ujumbe, na kundi la WhatsApp la watu zaidi ya 100 liliuliza usiku na mchana jumla imefika ngapi. Mwanga wa skrini, macho kuruka kutoka jina hadi kiasi hadi daftari na kurudi, na mabishano ya watu wazima. Wiki ya tatu aliandika 15,000 mahali pa 1,500. Hesabu ilipokataa, kuna aliyeuliza hadharani pesa zimekwenda wapi.

Kosa liligunduliwa kesho yake na wakamwomba radhi. Lakini huyu ni mtu ambaye heshima yake yote ilijengwa juu ya kutokosea tarakimu. Dalili zake zikarudi kama za Februari. Mumewe alinipigia simu, akanieleza kwa upole ambao ulinichoma kuliko hasira: "Daktari, wewe ndiye uliyesema ni nyepesi."

Ni kweli. Nilipima uzito kwa mikono na miguu. Niliona kiti, kivuli na kalamu, nikaita nyepesi. Sikujiuliza kama anaweza kuiweka chini. Ujumbe unaoingia saa tano usiku hauna kengele ya kutoka.

Sufuria

Kwa mwezi mzima tuliacha habari za kujitolea. Tukafanya mambo matatu tu. Alitembea asubuhi kabla ya upepo wa vumbi kuanza, mwendo wa kumpandisha pumzi kidogo bila kuamsha kichwa, dakika 10, kisha 15. Alifanya mazoezi ya shingo, macho na mizani. Na aliweka daftari lenye nguzo mbili: alichofanya kwa dakika ngapi, na kichwa kilisemaje saa moja baadaye. Boda alizipiga marufuku kabisa, kwa sababu pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni hatari ya namna nyingine.

Daftari lile lilinifundisha. Kuosha vyombo: dakika 20, shwari. Kuchambua mchele: nusu saa, shwari. Kuzungumza na jirani watatu pamoja: dakika 10, kichwa. Kupanga nguo za watoto: shwari. Mwezi Juni kulikuwa na mstari ambao hakuuona kuwa wa maana: "Kushona kitabu cha mtoto, dakika 40, nilisahau kichwa."

Nilimwomba anieleze. Kitabu cha Sayansi cha kijana wake kilikuwa kimeachana na jalada, kurasa za mwanzo zimekunjamana kama kabichi. Alikuwa ameketi meza ya jikoni na sindano na uzi, akazipanga kurasa, akazishona mgongoni, akakivika karatasi ya kaki.

Basi tukaenda kuulizia. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada kwa wachapishaji na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, lakini kitabu kikifika hakina wa kukitunza. Shule ya msingi iliyo mwendo wa dakika 12 kutoka kwake ilikuwa na chumba cha stoo kilichojaa vitabu vilivyopasuka, vikingoja ama vipya ama moto. Mwalimu mkuu alituonyesha rafu kwa aibu kidogo. Mwalimu wetu alichukua kimoja, akakipuliza vumbi, akakipitisha kidole mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kumwona akishika kitu kama fundi anavyoshika kazi yake.

Mwanzo haukuwa mteremko. Gundi ya dukani ilimtia kichefuchefu kwa harufu. Akaiacha, akarudi kwa ile waliyotumia utotoni: unga wa ngano na maji. Vijiko viwili vya unga, maji baridi kwanza ili usifanye mabonge, kisha moto mdogo huku akikoroga mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Anaupika nyumbani asubuhi kwenye sufuria ndogo yenye kifuniko, anaufunga kwa kitambaa, anatembea nao hadi shuleni. Kuinama kulimletea kizunguzungu, kwa hiyo bawabu alipandisha meza juu ya kreti nne za soda, kitabu kikaja usoni mwake badala ya yeye kukifuata. Dirisha la stoo linatazama upande wa Menengai, na kabla ya adhuhuri jua haliingii.

Anaanza kwa kuzipanga kurasa kwa namba. Anashona ikihitajika. Anapaka uji kwa brashi, anakandamiza mgongo kwa upande wa kijiko, anafuta ziada kwa kitambaa chenye unyevu, kisha anakiweka chini ya jiwe hadi kesho. Hakuna anayemngoja. Kichwa kikimwambia simama, anasimama, na kitabu kinabaki vilevile kama alivyokiacha.

Wiki ya pili aliniambia jambo ambalo sikulipanga mimi wala yeye. Uji wa vijiko viwili unatosha vitabu vitano, sita hivi. Ukiisha, hakuna cha kupakia. Anafunga sufuria anakwenda nyumbani. Siku za nyuma, popote tulipompa saa ya kuacha, aliivuka, maana mwalimu mzuri habanduki mpaka mtoto aelewe. Sufuria haikubembelezeka.

Ninavyokielewa kisa hiki

Mume hakuridhika mwanzoni. Alisema mke wake amesomea hisabati chuo kikuu, si kubandika makaratasi. Mama mkwe aliuliza kwa nini atoke bila hata nauli ya kurudi. Sitayadharau maneno hayo. Katika nyumba iliyopoteza mshahara mmoja, saa mbili za bure ni saa mbili zinazoonekana. Jambo moja lililosaidia ni kwamba kazi hii haikumla pesa: aliitembelea kwa miguu, unga ulikuwa wa nyumbani, kaki na uzi vilitoka shuleni. Nawasihi wenzangu wanaowashauri wagonjwa waulize mapema nauli, chakula cha mchana na salio la simu zitatoka wapi. Kujitolea kunakomfilisi mgonjwa ni maumivu mengine.

Sifikirii kwamba vitabu vilimponya. Muda umefanya sehemu yake, kulala vizuri kumefanya yake, kupunguza vidonge kumefanya yake, na zile dakika 12 za kwenda na 12 za kurudi zilikuwa mazoezi bora kuliko yoyote niliyompa kwenye karatasi. Ila naamini kwamba bila stoo ile asingetoka nyumbani kila asubuhi kutembea hizo dakika 12.

Kuhusu maana ya kazi, nilikuwa nimeielewa vibaya. Nilidhani maana yake iko kwenye watoto, kwenye sura zao zikielewa, na kwamba vitabu ni kitulizo tu hadi arudi kwao. Yeye alinisahihisha. Alisema darasani hakuwahi kuona kazi imekwisha. Daima kuna mada nyingine, mtihani mwingine. Stoo, kila asubuhi anaondoka nyuma yake kuna vitabu sita chini ya mawe. Na mara moja, akipita uwanjani saa ya mapumziko, alimwona msichana amekaa chini ya mjakaranda akisoma kitabu chenye kaki aliyoikunja yeye. Hakumsemesha. Alipiga hatua zake akaenda.

Siku hizi, kabla sijamwambia mgonjwa wa kichwa kwamba kazi fulani inamfaa, namwuliza: ukiiacha katikati, nani ataumia? Likinijia jina la mtu, namwomba asubiri. Hilo silo swali nililofunzwa, na huenda halimfai kila mmoja. Wapo ambao upweke unawaua kuliko kelele, na kwao ningetafuta mtu mmoja wa kukaa naye, mmoja tu, mahali tulivu.

Mwalimu mwenyewe ameanza kuufikia upande huo. Tangu Septemba mvulana mmoja wa Gredi ya 6 huja stoo Jumatano, dakika 20, kujifunza kushona mgongo wa kitabu. Wa pili aliomba, Mwalimu akamwambia zamu yake ni Jumatano nyingine. Siku moja yule wa kwanza alimwuliza namba za kurasa zilizopotea ni ngapi, kutoka 47 hadi 62, na wakazihesabu pamoja, polepole. Kichwa kilikaa shwari.

Hajarudi darasani. Siku za upepo bado hufunga macho, na sokoni huenda asubuhi na mapema au haendi. Shule ya msingi imemwambia huenda kukawa na malipo kidogo mwakani ya kutunza maktaba, asubuhi mbili kwa wiki. Ameomba mambo mawili: meza ibaki kwenye kreti zake, na asiingizwe kwenye kundi la simu la walimu. Jibu bado.

Wiki iliyopita nilimpitia nyumbani alfajiri. Alikuwa jikoni, unga mkononi. Mwezi Agosti aliongeza kijiko cha tatu na mambo yakaenda vyema. Akaniuliza kama sasa aweke cha nne. Nikamwuliza daftari linasemaje. Akalifungua, akasoma Jumatatu hadi Alhamisi, akaweka vitatu, akaanza kukoroga.